Swali Moja, Jibu Moja? Kutathmini Vitabu vya Chemshabongo ya Jiografia kwa Watoto wa Tarime na Serengeti

1.0 Utangulizi

Kitabu cha chemshabongo ya jiografia ni mkusanyiko wa maswali mafupi yenye majibu mafupi kuhusu nchi, mito, milima, maziwa na miji. Mtoto hukitumia kujipima, kushindana na wenzake au kujiandaa kwa mtihani. Utanzu huu una ndugu wa karibu katika fasihi simulizi, yaani kitendawili. Mtegaji hutangaza kitendawili, wenzake humwambia atege, na wakishindwa humpa mji. Hata hivyo, tofauti ya msingi ipo. Kitendawili hubeba ndani yake dalili za kumfikisha msikilizaji kwenye jibu. Chemshabongo mbovu haina dalili. Hudai jina lililokaririwa, basi.

Katika tathmini, desturi ni kuhesabu maswali, kutazama picha na kusahihisha tahajia. Mhadhara huu unapendekeza kipimo kingine: swali linamtendeaje mtoto anayejua? Asiyejua hapotezi kitu akikosa. Anayejua, akikoseshwa na kitabu, hufundishwa kutoyaamini macho yake. Wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, zinafaa kuwa mfano kwa kuwa jiografia yake hutajwa mno vitabuni, na watoto wake wanaiishi.

2.0 Ukweli na Wakati

Chukua swali hili: "Hifadhi ya taifa ipi ni kubwa kuliko zote Tanzania?" Kwa miaka mingi jibu lilikuwa Serengeti, yenye kilomita za mraba 14,763. Mwaka 2008 Hifadhi ya Taifa ya Ruaha ilipanuliwa ikazidi kilomita za mraba 20,000. Mwaka 2019 ikaanzishwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, yenye zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Swali halikubadilika hata herufi moja, lakini jibu limebadilika mara mbili.

Vivyo hivyo kwa swali la iwapo Wilaya ya Tarime inagusa Ziwa Viktoria. Hadi mwaka 2007 jibu lilikuwa ndiyo. Mwaka huo Wilaya ya Rorya ilimegwa kutoka Tarime, na ufuko wa ziwa ukabaki Rorya. Kitabu cha zamani kikiwa bado rafuni, mwanafunzi wa Tarime anayeijua wilaya yake atapewa alama ya kosa.

Kazi ya kutoa ithibati ya vitabu vya shule ilifanywa na kamati ya Wizara ya Elimu kuanzia mwaka 1999 hadi 2013, kisha ikahamia Taasisi ya Elimu Tanzania. Lakini ithibati hutolewa siku moja, na kitabu husomwa kwa miaka. Kwa hiyo kigezo cha kwanza ni kwamba kila swali linaloweza kubadilika jibu libebe mwaka wake.

3.0 Lugha ya Swali

Kosa jingine si la taarifa bali la lugha. Tazama swali: "Serengeti iko mkoa gani?" Neno Serengeti lina virejelewa viwili. Wilaya ya Serengeti, ambayo makao yake makuu ni Mugumu, iko Mara. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti inavuka Mara na kuingia Simiyu na Arusha. Mtoto wa Mugumu anayeuliza "Serengeti ipi?" ameonyesha maarifa makubwa kuliko mwandishi wa swali.

Neno mbuga nalo linahitaji uangalifu. Maana yake ya awali ni uwanda wa nyasi; katika mazungumzo likaja kutumika kwa eneo lolote la wanyamapori. Kisheria, hifadhi ya taifa si pori la akiba. Katika pori la akiba, kama Ikorongo na Grumeti, uwindaji wa kibali huweza kuruhusiwa. Katika hifadhi ya taifa hauruhusiwi. Kwa familia inayochunga ng'ombe kando ya mpaka, tofauti hiyo si ya kamusi tu. Kitabu kinachoziita zote mbuga kinamnyima mtoto istilahi atakayoihitaji akiwa mtu mzima kijijini kwake.

Hata kitenzi huweza kupotosha. Swali "Nani aligundua Ziwa Viktoria?" hutarajia jina la John Hanning Speke na mwaka 1858. Kitenzi gundua kinawafuta wavuvi na wakulima waliokuwa wakiishi ufukoni. Swali likisema "Mzungu gani alifika ziwani mwaka 1858?" jibu linabaki lile lile, lakini uongo unaondoka.

4.0 Mahali pa Mtoto

Kigezo cha tatu ni mahali anapoanzia mtoto. Maneno kaskazini na kusini yana asili moja na majina ya pepo za pwani, kaskazi na kusi. Kwa mtoto wa Tarime mjini hayo ni maneno ya darasani. Yatamwingia haraka akielezwa kwamba mpaka wa Kenya uko kaskazini kwake na Mto Mara kusini.

Mto huo huo ni hazina ya maswali. Unaanzia nyanda za juu za Mau nchini Kenya, unapita katika Hifadhi ya Serengeti na kumwaga maji Ziwa Viktoria. Swali "Mto Mara unaishia wapi?" linapima kumbukumbu. Swali "Msitu wa Mau ukikatwa, kwa nini mkulima wa Tarime ahangaike?" linapima akili, na dalili za jibu zimo katika ramani.

Swali "Wakurya ni kabila la nchi gani?" halifai kabisa. Mpaka uliochorwa kwa makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886 uliwagawa, na leo wako Tanzania na Kenya. Mtoto mwenye shangazi ng'ambo ya Sirari analijua jibu. Ukurasa wa majibu, wenye nafasi ya nchi moja, haulijui.

5.0 Hitimisho

Mtathmini wa vitabu hivi na aulize mambo matatu: je, jibu lina mwaka wake? Je, maneno ya swali yana kirejelewa kimoja? Je, mtoto anaweza kulifikia jibu kwa kufikiri, au kulihakiki kwa kutazama nchi yake? Panapo vitabu vichache, kitabu kimoja huwa hakimu. Hakimu huyo akikosea, anayehukumiwa ni mtoto aliyesema kweli.