Usisafirie Nyota ya Mwenzio

Ndugu msikilizaji, leo nataka tuzungumze juu ya jambo linalowashughulisha vijana wengi wa Kilangala, Mchinga, Kiswere na pwani yote hii mpaka Kilwa. Jambo lenyewe ni kununua chombo kipya cha baharini. Fedha zimepatikana, pengine kwa kuuza ufuta au korosho, pengine kwa mkopo wa kikundi. Swali linalobaki ni moja tu: ninunue chombo gani?

Ufukweni jibu hutolewa upesi. Watasema, nunua kikubwa kuliko vyote ambavyo fedha yako inafika. Mimi leo nakuja na jibu jingine. Nasema, nunua chombo ambacho mikono yako inakimudu. Wahenga walituusia kwamba usisafirie nyota ya mwenzio. Jirani yako kang'oa nanga usiku kwa kuwa anaijua njia, anaijua nyota yake, na anakijua chombo chake. Wewe ukimfuata kwa kuwa umeona amerudi na nguru wengi, umemwiga safari bila kumwiga ujuzi.

Kwa nini nayasema haya? Mwezi Septemba 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi pale Kilwa Masoko. Mwezi Januari 2024, huko Mwanza, alizindua ugawaji wa boti za kisasa kwa wavuvi kwa njia ya mkopo. Habari kama hizi zimeamsha hamu, na hamu hiyo ni njema. Nani asiyetaka mvuvi wetu atoke kwenye kafi na pondo, afike kwenye jodari wa maji makuu? Lakini mkopo unakupa chombo, haukupi unahodha. Unahodha haukopeshwi.

Niruhusu, ndugu msikilizaji, nikupeleke mbali kidogo halafu turudi. Kuna mchezo wa kuteleza juu ya maji, mtu akisimama juu ya ubao huku akivutwa na boti kwa kamba. Aliyeuanzisha anatajwa kuwa kijana wa Kimarekani, Ralph Samuelson, aliyesimama juu ya mbao mbili katika ziwa Pepin, jimbo la Minnesota, mwaka 1922, akiwa na umri wa miaka 18. Siku hizi mabingwa wa mchezo huo hutumia ubao mmoja, wakipinda huku na huku kuyazunguka maboya sita, na boti yao yaweza kwenda kilomita 58 kwa saa.

Sasa sikiliza namna ubao huo unavyonunuliwa. Muuzaji mwaminifu hakuulizi kwanza una fedha kiasi gani. Anakuuliza una uzito gani, boti yako inakuvuta kwa mwendo gani, na umefika wapi katika ujuzi. Anayejifunza hupewa ubao mpana, unaomsamehe makosa yake. Bingwa hupewa mwembamba na mgumu, unaotii kila anapoegemea, lakini usiosamehe kitu. Mwanafunzi akinunua ubao wa bingwa hapati kasi ya bingwa. Anaanguka tu. Naye anaanguka akiwa amevaa jaketi la kuokolea maisha, na boti inageuka kuja kumchukua. Ukianguka wewe nje ya miamba wakati wa kusi, boti ya kugeuka kukuchukua iko wapi?

Kama watu wanaocheza hujiuliza maswali hayo matatu, sisi tunaotafuta riziki tunapaswa kujiuliza mara mbili zaidi. Tuyachukue basi, tuyapeleke pwani kwetu.

Swali la kwanza: utakwenda bahari gani? Anayevua kwa mshipi au kutega dema ndani ya ghuba, au anayepita katika mikoko kwenye mlango wa mto Lukuledi, hahitaji zaidi ya mtumbwi imara. Mtumbwi ni mwepesi, unapita maji haba, na kafi mbili zinatosha. Anayetaka kufika kwenye miamba kwa tanga, atazame ngalawa. Matengo yake ya ubavuni huizuia kupinduka upesi, na ndiyo maana nasema ngalawa ni mwalimu mpole. Lakini hata mwalimu mpole ana kiboko chake: kamba za matengo zikilegea na mawimbi yakaja ya ubavu, tengo huvunjika, na hapo kinachobaki ni gogo tu. Anayetaka maji makuu, kukaa usiku na nyavu, huyo ndiye wa mashua au boti ya faiba yenye mashine.

Na akina mama wanaolima mwani wasisahauliwe. Wao hawatafuti kasi. Wanatafuta chombo kipana, kilichotulia, cha kupakia mwani uliolowa maji, ambao ni mzito kuliko unavyodhania. Kikundi chao kikiuziwa ngalawa nyembamba ya mashindano, kimeuziwa matatizo.

Swali la pili: una mikono mingapi, na mikono hiyo inajua nini? Tanga letu la pwani ni zuri, lakini lina kazi. Ukitaka kuligeuza upande wa pili, foromali yapaswa kusimamishwa na kupitishwa mbele ya mlingoti, huku mwingine ameshika demani na mwingine yuko kwenye usukani. Kwenye ngalawa watu wawili wanaoelewana wanaweza. Kwenye mashua unahitaji mabaharia wanne au zaidi, kila mmoja anayejua mahali pake bila kuambiwa. Watu wanne wasiojua si mabaharia, ni mzigo unaozungumza.

Swali la tatu ndilo zito kuliko yote: siku mbaya utafanyaje? Kila mtu ni nahodha wakati wa maleleji, bahari ikiwa kama kioo. Lakini kusi likishika, kuanzia mwezi wa Aprili au Mei, upepo unatoka kusini, mawimbi yanapanda, na huenda kwenu kuko upande ule ule unaotoka upepo. Hapo hapana njia ila kubisha, kwenda huku na kurudi huku, ukikata upepo kidogo kidogo. Na kama ni siku za bamvua, maji yanayotoka yanakuvuta nje. Je, unaweza kubisha na chombo hicho mpaka nyumbani? Je, unaweza kushusha tanga kubwa na kupandisha dogo kabla dhoruba haijakufikia? Kama jibu ni hapana, chombo hicho si chako bado, hata kama risiti ina jina lako.

Huo ndio moyo wa maneno yangu ya leo. Chombo chako si kile kinachoweza kukutoa pwani. Chombo chako ni kile unachoweza kukirudisha.

Liko na jambo la matunzo, ambalo watu hulikumbuka wakiwa wamechelewa. Chombo cha mbao kinataka kupandishwa ufukweni, kutiwa moto wa makuti chini ili wadudu wanaotoboa mbao wafe, kisha kupakwa deheni. Kinataka kalafati, maana mbao za mashua zikiachia pamba, maji yanaingia ngamani usiku umelala. Boti ya faiba haina wadudu, lakini mashine yake inataka petroli kila safari, plagi, vipuri, na kuoshwa kwa maji baridi baada ya kazi ili chumvi isiile. Piga hesabu ya mwaka mzima, na ndani ya hesabu hiyo weka miezi ambayo bahari haikuruhusu kutoka. Mkopo haujui kusi wala kaskazi. Tarehe ya marejesho inafika bahari ikiwa imechafuka au imetulia, na hapo ndipo mtu husukumwa na deni kwenda siku ambayo akili yake inamkataza. Chombo kikubwa mno kinaweza kumuua mtu kwa njia hiyo, hata kama mbao zake hazina kasoro.

Hata hivyo, wazee wangu manahodha, nanyi nina neno lenu. Lipo kosa la upande wa pili. Wako mabingwa wa bahari ambao chombo chao kimebaki kidogo kuliko ujuzi wao, na kwa kuwa wanajiamini, wanakipeleka mtumbwi mahali pa mashua. Ujuzi wa mtu hauongezi kina cha mtumbwi. Aliyekwisha kuhitimu na apande daraja, na kama ni mikopo, yeye ndiye wa kwanza kustahili. Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetoa tahadhari mapema. Dhoruba za namna hiyo hazimwulizi mtu ana miaka mingapi baharini.

Basi nini kifanyike? Kwanza, kijana anayetaka mashua na awe baharia wa mashua ya mwingine kwa kusi moja na kaskazi moja. Akimaliza mwaka huo atajua mwenyewe kama anaitaka au aliitamani tu. Pili, vikundi na wakopeshaji, pamoja na kuuliza dhamana, waulize pia: nani nahodha, na nani amemwona akibisha? Wachukue wazee wawili, wampandishe chomboni siku ya upepo, wamtazame. Jaribio la asubuhi moja ni rahisi kuliko msiba. Tatu, mafunzo yapo. Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi una vyuo vyake Mbegani na hata hapa kusini, Mikindani. Nne, bei ya chombo isihesabiwe kuwa imekamilika mpaka majaketi ya kuokolea maisha yawe ndani yake, moja kwa kila kichwa.

Yuko atakayesema kwamba nawavunja moyo vijana. La hasha. Mwenye ngalawa anayerudi kila siku na changu wake atalipa deni, ataongeza ujuzi, na baada ya miaka michache mashua itamjia kama haki yake. Mwenye mashua asiyeiweza ataiegemeza chini ya mnazi, na jua litaipasua mbao huku riba ikipanda. Kati ya wawili hao, nani ameendelea?

Ndugu msikilizaji, siku utakapokwenda kwa fundi kuagiza chombo, usianze kwa kumwambia una shilingi ngapi. Anza kwa kumwambia unavua wapi, unakwenda na nani, na mwaka jana kusi lilikukuta wapi. Fundi mzuri atakusikiliza, na huenda akakupunguzia futi tano. Mshukuru.

Mpaka juma lijalo, nawatakieni upepo mwema na marejeo ya salama.