Siku ya Pili ya Kimbunga: Redio Ndogo za Pwani na Kazi ya Kubaki Hewani

Kimbunga Idai kiliingia Beira, Msumbiji, usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019. Kulipokucha umeme ulikuwa umekatika, simu hazishiki, uwanja wa ndege umefungwa, na mji wenye watu wapatao nusu milioni hauna namna ya kuzungumza hata na vijiji vya jirani. Upepo ulipita, maji yakabaki, tena yakaongezeka. Mvua iliyonyesha bara ilishuka na mito ya Buzi na Pungwe, na siku kadhaa baada ya upepo kutulia mabonde yake yakageuka ziwa, watu wakisubiri kuokolewa juu ya mapaa na juu ya miti. Zaidi ya watu 600 walikufa nchini Msumbiji peke yake. Ndugu washiriki, mfuatano huu wa matukio ndio msingi wa mada yangu. Saa ambayo mtu wa Buzi alihitaji zaidi kuambiwa maji yanaelekea wapi ilifika baada ya mawasiliano kukatika. Kwa hiyo nadai kwamba redio ya eneo isipimwe kwa tahadhari inazosoma kabla ya kimbunga, kazi ambayo wengi wetu tunaifanya vizuri, bali kwa uwezo wake wa kusema siku ya pili. Na anayetaka kusema siku ya pili hana budi kuwa na mtambo wa akiba, tena mdogo.

Si upepo peke yake unaoinyamazisha redio. Kati ya mdomo wa mtangazaji na sikio la msikilizaji upo mnyororo: umeme wa studio, kiungo kinachopeleka sauti kilimani penye mnara, umeme wa huko kilimani, transmita, waya wa antena, antena yenyewe na mnara unaoibeba. Pete moja ikikatika, zilizobaki hazina kazi. Mnara huzungumzwa zaidi kwa sababu kuanguka kwake kunaonekana. Ni kweli kwamba nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa kasi, hata upepo wa kilomita 120 kwa saa husukuma mara nne ya ule wa kilomita 60, na kila dishi la mpangaji linalofungwa juu ya mnara huongeza mzigo huo. Lakini mnara unaweza kusimama na kituo kikanyamaza vilevile. Dishi la kiungo likigeuka nyuzi chache, sauti haifiki kilimani. Maji yakipenya kwenye waya wa antena, nguvu hurudi nyuma na transmita hujipunguza au hujizima ili isiungue. Radi ikikuta waya wa kuipeleka ardhini umeliwa na kutu ya chumvi, hutafuta njia nyingine ndani ya mitambo. Halafu kuna mafuta. Kimbunga Hidaya kilipofika kisiwa cha Mafia tarehe 4 Mei 2024 kilikuwa kimeanza kudhoofika, na bado mvua zake zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara kwa siku kadhaa. Katika hali kama ile, kituo cha kusini chenye jenereta kubwa na pipa moja la dizeli kina uhai wa pipa lile, basi.

Wapo wanaopenda kusema kwamba redio ni chombo kisichokufa. Kauli hiyo nadhani imetudhuru, maana inafanya maandalizi yaonekane hayana haja. Baada ya kimbunga Katrina, Agosti 2005, kati ya vituo 41 vya redio vya eneo la New Orleans, vinne tu ndivyo vilivyobaki hewani. Kimoja kilikuwa WWL, na kampuni zilizokuwa zikishindana nacho sokoni zikaunganisha watangazaji wao katika matangazo ya pamoja. Miaka 12 baadaye kimbunga Maria kiliangusha gridi nzima ya umeme ya Puerto Rico, na WAPA Radio ikawa ndiyo sauti iliyoendelea kusikika kisiwani. Watu walifika wenyewe studio kuomba majina ya ndugu zao yasomwe. Visa hivi husimuliwa kama sifa ya redio. Mimi naona vinatuambia kwamba vituo 37 vilivyozimika navyo vilikuwa redio. Tofauti imo katika namna kituo kilivyojengwa na mahali kilipojengwa, nayo ni mambo yaliyo mikononi mwa meneja na fundi kabla mawingu hayajakusanyika.

Sasa nieleze kwa nini nasisitiza udogo. Nguvu ya transmita ikipunguzwa mara kumi, uimara wa mawimbi mahali pamoja hupungua takriban mara tatu tu, na urefu wa antena huamua usikivu kuliko wati. Transmita ya FM ya wati 50, pamoja na mixer ndogo na maikrofoni, huhitaji umeme wa kama wati 150. Ikitumika saa nne kwa siku, hiyo ni saa-wati 600, yaani nusu ya betri moja ya volti 12 na saa-ampea 100, kiasi kinachoweza kutolewa bila kuiharibu. Paneli mbili tatu za sola zinaweza kuirudishia betri umeme huo jua likichomoza, mradi paneli hizo zilifunguliwa na kuwekwa ndani kabla ya upepo. Antena ya akiba nayo ilale stoo, ikasimamishwe baadaye juu ya bomba la chuma palepale studio, ili kiungo cha kilimani kisihitajike kabisa. Usikivu wake hautafika wilaya nzima. Utafika mjini na vijiji vya karibu, ambako kituo cha kugawa chakula na zahanati vimo. Saa nne hizo zigawanywe na kutangazwa mapema: saa 12 asubuhi, saa 7 mchana, saa 12 jioni na saa 2 usiku, saa moja kila mara. Msikilizaji naye ana betri ya kubania. Akijua saa ya kuwasha, betri zake zitadumu siku nyingi, na atawaita majirani wasikilize pamoja.

Jambo hili limekwisha kufanyika. Kimbunga Haiyan kilipoibomoa Tacloban, Ufilipino, Novemba 2013, na vituo vya mji huo vikanyamaza, timu ya First Response Radio ilifika na studio iliyofungwa kwenye masanduku, na haikupita wiki ikawa hewani. Kasi yao inastahili heshima. Hata hivyo siku zile za kusubiri zilikuwa ndizo za kutafuta maji ya kunywa na watoto waliopotea. Sanduku kama lile lingekuwa limefungiwa katika kabati la kituo chenyewe, likiendeshwa na watangazaji ambao sauti zao zinajulikana, zisingehitajika ndege wala vibali vya forodha.

Pingamizi la kwanza ni simu: nani anahitaji redio wakati tahadhari hufika kwa ujumbe mfupi? Kabla ya kimbunga, simu inafaa sana, na sioni sababu ya kushindana nayo. Lakini siku moja baada ya Maria, asilimia 95.2 ya minara ya simu ya Puerto Rico haikufanya kazi. Mtandao wa simu unahitaji minara mingi iwe hai kwa pamoja, ilhali redio inahitaji mmoja. Tena simu haishindwi kabisa mtandao ukifa, kwani vitochi vingi vina FM ndani yake, na hiyo haihitaji salio wala mtandao.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: si redio ya taifa inatosha? Redio ya taifa itasoma taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa usahihi, lakini haiwezi kusema daraja lipi limekwenda na maji, kisima kipi kimeingiliwa na chumvi, au boti ya Songosongo itaondoka lini. Lipo pia suala la maneno. Kabla ya Haiyan watu wa Tacloban walitahadharishwa kwa istilahi ya Kiingereza ya bahari kupanda nchi kavu, na wengi hawakuielewa kuwa maji yatakuja kama ukuta. Mtangazaji anayejua wavuvi wa kwao husemaje bahari inapoingia nyumbani angeokoa roho za watu kwa sentensi moja. Na hapa niseme wazi: masafa ya mkoani yanayorudisha tu matangazo ya studio ya Dar es Salaam, bila mtu mwenye maikrofoni mkoani, hayahesabiki kuwa redio ya eneo siku hiyo.

Watasema pia vimbunga kwetu ni nadra, na fedha hazitoshi hata mishahara. Nadra, ndiyo. Unguja ilipigwa Aprili 1872, Lindi Aprili 1952. Aprili 2019 Mtwara iliwekwa katika tahadhari, kimbunga Kenneth kikateremkia Cabo Delgado, Msumbiji, kusini tu ya mto Ruvuma. Hidaya kikaja Mei, msimu wa kawaida wa Novemba hadi Aprili ukiwa umepita. Lakini mtambo wa akiba hausubiri kimbunga. Utatumika kila masika umeme unapokatika siku mbili, kila radi inapounguza transmita kubwa, na katika kila kukatika hewani ambako sasa kunatupotezea matangazo ya biashara. Gharama yake ni sehemu ndogo ya bei ya kusimamisha mnara mpya.

Kinachobaki hakinunuliki dukani. Mtangazaji naye ana nyumba inayoezuliwa na watoto wanaoogopa, kwa hiyo ratiba ya nani atalala studio, na familia yake itahifadhiwa wapi, iandikwe kabla ya Novemba. Leseni zetu hutaja mahali pa mtambo na kiwango cha nguvu, hivyo kuwasha transmita ya akiba mahali pengine bila kibali ni kosa, na kibali hakiombwi wakati ofisi zimefungwa na simu hazishiki. Napendekeza semina hii iandike ombi moja kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA): kibali cha dharura kitolewe mapema, pamoja na leseni, kwa kila kituo cha pwani kitakachouonyesha mtambo wake wa akiba ukifanya kazi mbele ya mkaguzi.