Bustani ya Forodhani na Somo Lake kwa Wakazi wa Njia Panda

Matini ya mazungumzo kwa wananchi wa Kata ya Mkiwa, Wilaya ya Ikungi



Kila mahali njia zinapokutana pana desturi moja. Chombo husimama, msafiri hushuka kunyoosha miguu, mwenyeji huleta maji na chakula, na baada ya miaka michache mahali hapo huwa soko, kisha mji. Mkiwa inaifahamu vyema desturi hiyo, kwa kuwa hapa ndipo barabara ya Itigi, Rungwa na Chunya hadi Mbeya inapoachana na barabara kuu ya Dodoma na Singida. Mji wa Unguja nao ulikua vivyo hivyo, ila njia zake zilikuwa za bahari. Mazungumzo haya yanahusu kipande kimoja cha ardhi katika mji huo, yaani Bustani ya Forodhani: namna kilivyopata kuwa mali ya watu wote, na namna kilivyookolewa kilipoanza kuharibika.

Jina lenyewe linaeleza asili yake. Forodha ni mahali pa kutozea ushuru wa bidhaa zinazoingia na kutoka. Katika karne ya 19, ukingo huo wa Mji Mkongwe ndio uliopokea shehena za karafuu kutoka mashambani na pembe za ndovu kutoka bara. Sehemu ya pembe hizo ilibebwa mabegani na wapagazi wa misafara iliyopita Tabora na Ugogo, nchi zilizo jirani na Singida. Watu pia walipitishwa katika bandari hiyo wakiwa watumwa, mpaka soko la watumwa la Unguja lilipofungwa mwaka 1873. Kwa hiyo Forodhani si mahali pageni kabisa kwa watu wa bara. Jasho la bara limo katika historia yake.

Mtu akisimama leo katikati ya bustani na kuipa bahari kisogo, huona majengo mawili yanayosimulia habari za utawala. La kwanza ni Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya kuwaondoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17. La pili ni Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ambalo wenyeji walilistaajabia kwa kimo chake na baadaye kwa taa zake za umeme. Tarehe 27 Agosti 1896, saa tatu asubuhi, manowari za Uingereza zililipiga kwa mizinga eneo la kasri lililo kando ya hapo, ili kumwondoa Khalid bin Barghash aliyejitwalia kiti cha usultani. Vita hivyo havikutimiza hata saa moja, lakini watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Ukingo ambao leo watoto huchezea ulikuwa wakati ule mahali pa mizinga na hofu.

Bandari mpya ilipojengwa Malindi katika miaka ya 1920, shughuli za forodha zilihama. Ardhi ya mbele ya ngome ikabaki wazi. Ingeweza kujazwa maghala au kugawiwa wenye uwezo, kwani hapakuwa na kiwanja chenye thamani kuliko hicho mjini. Badala yake ikafanywa bustani, iliyofunguliwa mwaka 1936 kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Haroub, aliyetawala tangu 1911 hadi 1960. Ndiyo maana iliitwa Bustani ya Jubilei. Katikati pakajengwa kibanda cha duara, ambamo bendi ilikuwa ikiwapigia watu muziki jioni.

Mwaka 1956 likaongezwa tao ufukweni, kwa ajili ya kumpokea Binti Mfalme Margaret wa Uingereza. Inasimuliwa kwamba mgeni huyo aliteremkia mahali pengine, na tao lile halikupata kutumika kwa kazi iliyokusudiwa. Heshima iliyoandaliwa kwa ajili ya mgeni mmoja ikawaangukia wapita njia wote. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, jina la Jubilei lilififia, na likabaki lile ambalo midomo ya watu haikuliacha kamwe: Forodhani.

Vivutio vya bustani hiyo havihitaji tiketi. Alasiri, wazee hukaa kwenye mabenchi chini ya miti wakitazama majahazi na ngalawa. Vijana hukimbia na kuchupa baharini kutoka ukutani, huku wageni wakiwapiga picha. Jua likizama, wachuuzi hupanga meza zao na kuwasha taa. Hapo hupatikana mishikaki, pweza na ngisi wa kuchoma, urojo, mikate ya ufuta, na ile chapati iliyojazwa nyama na mayai ambayo dunia imeizoea kwa jina la pizza ya Zanzibar. Muwa husagwa pamoja na ndimu na tangawizi mbele ya macho ya mnywaji. Tajiri wa hotelini na mchukuzi wa bandarini hukaa ubao mmoja, kila mmoja na sahani yake. Pengine hicho ndicho kivutio kikubwa kuliko vyote.

Hata hivyo, sifa haizuii uchakavu. Kufikia mwanzoni mwa karne hii, ukuta wa bahari ulikuwa umeliwa na mawimbi, mifereji na miundombinu ya majitaka ilikuwa imechoka, taa hazikutosha, na taka za biashara ya usiku zilizidi uwezo wa kuzizoa. Mji Mkongwe ulikuwa umekwisha kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, lakini orodha haizibui mtaro. Ndipo Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni wakashirikiana kuikarabati. Kazi ilianza mwaka 2008, na bustani ikafunguliwa upya Julai 2009. Ukuta uliimarishwa, mifereji na taa vikawekwa vipya, njia zikasakafiwa, miti ikahifadhiwa, watoto wakapata mahali pa michezo.

Lilikuwapo swali gumu: wachuuzi wafanywe nini? Ilikuwa rahisi kuwaona kuwa ndio chanzo cha uchafu na kuwafukuza moja kwa moja. Wakati wa ujenzi walihamishwa, na kazi ilipokwisha wakarudi, safari hii wakiwa wametengewa eneo lao. Bustani ikapata usafi bila kupoteza uhai wake, na familia zinazotegemea meza zile hazikunyimwa riziki.

Jirani ya bustani upo ushahidi wa upande wa pili. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka wakati kazi ya kulikarabati ikiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Jumba hilo lilikuwa limeonyesha dalili za uchovu kwa miaka mingi. Wahenga walikwisha kusema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mahali hapo pameonyesha kwamba wakati mwingine gharama hupita ile ya ukuta.

Ndugu wananchi, Mkiwa haina bahari wala ngome, lakini ina njia panda, na njia panda hukua. Mambo matatu ya Forodhani yanaifaa.

La kwanza ni kutenga ardhi mapema. Bustani ya Forodhani ipo kwa sababu kiwanja kiliachwa kwa ajili ya watu kabla hakijajengwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inawapa wanavijiji uwezo wa kutenga ardhi ya matumizi ya pamoja. Halmashauri ya kijiji hupendekeza, nao mkutano mkuu wa kijiji huidhinisha. Ardhi iliyokwisha kutengwa hivyo haigawiwi mtu mmoja mmoja. Kwa hiyo anayekosa mkutano mkuu huenda amekosa pia nafasi ya kuulinda uwanja watakaochezea wajukuu zake.

La pili ni kuwapa wachuuzi mahali panapofaa. Barabara kuu ina hifadhi ya mita 30 kila upande kuanzia katikati ya njia, na meza iliyo ndani ya hifadhi hiyo inahatarisha muuzaji, mnunuzi na dereva kwa pamoja. Lakini kumwondoa muuza mahindi bila kumwonyesha pa kwenda ni kuahirisha tatizo, kwani kesho atarudi. Eneo lililopangwa nje ya hifadhi, lenye kivuli, maji, choo na pipa la taka, ndilo jibu la kudumu.

La tatu ni matunzo ya kila siku. Katika nchi kame kama Singida, mti wa kivuli hauoti kwa sherehe ya kuupanda. Mwarobaini au mkwaju uliopandwa mwanzoni mwa mvua za masika ya Singida, mwezi Novemba au Desemba, unahitaji uzio wa miiba dhidi ya mbuzi na ndoo ya maji katika miezi ya kiangazi, walau kwa misimu miwili ya mwanzo. Kazi hiyo haimshindi mwenye nyumba, mwanafunzi wala mwenye genge, mradi ijulikane ni zamu ya nani.

Forodhani ilianza kama mahali pa ushuru, ikapita katika kishindo cha mizinga, ikapambwa kwa ajili ya wafalme, na mwisho ikawa ya muuza pweza na mtoto anayechupa majini. Haikufika hapo kwa bahati. Kila kizazi kiliamua upya kwamba kiwanja kile kisifungwe. Uamuzi wa namna hiyo kwa Mkiwa uko mikononi mwa wakazi wake, katika mkutano mkuu wa kijiji ujao na katika kila unaofuata.