Tope la Natron na Bomba la Meli



Aliyewahi kuingia zizini alfajiri anaijua amonia bila kufundishwa: pua inawasha, macho yanalengwalengwa na machozi. Mkojo wa ng'ombe una yurea. Bakteria walio kwenye kinyesi huivunja, gesi ikatoka. Yurea ya dukani ni hiyohiyo, nitrojeni asilimia 46. Imwage juu ya udongo wenye unyevu siku ya jua kali bila kuifukia, na sehemu ya pesa yako itaondoka na upepo.

Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Martin Van Damme walichapisha katika jarida la Nature ramani iliyotokana na vipimo vya setilaiti vya miaka tisa. Walihesabu vituo 248 duniani vinavyofuka amonia kwa wingi. Vya viwanda, hasa vya mbolea, vilikuwa 130. Vya ufugaji mkubwa 83. Cha asili kilikuwa kimoja tu, nacho ni chetu: Ziwa Natron, Tanzania.

Nilipoisoma makala ile nilisema moyoni, ni heroe wa ziwa hilo. Nilikosea, au tuseme nilipata robo ya jibu. Ziwa Bogoria la Kenya nalo lina heroe, na halikutokea kwenye ramani. Kinyesi cha ndege na mimea inayooza huleta nitrojeni, ndiyo, lakini kinachoifukuza kwenda hewani ni magadi, yanayopandisha pH ya maji, pamoja na tope la ziwa. Maji yakiwa na pH ya kama 9.25, nusu ya amonia iliyomo ni gesi inayosubiri kutoka. Natron hupita hapo. Kiangazi kinapokaribia kwisha, maji hurudi nyuma na kuacha tope pana, la kina kifupi, linalochemka juani. Hapo ndipo setilaiti huona wingu.

Sasa geukeni baharini. Maji ya bahari yana pH ya kama 8.1, kwa hiyo sehemu kubwa mno ya amonia hubaki imeyeyuka humo kama ioni za amoniamu, zisizotoroka hewani. Kila eneo la bahari kuu hutoa kidogo tu. Visiwa vya ndege ni habari nyingine: huko Aktiki, kinyesi cha ndege wa baharini hutoa amonia ya kutosha kusaidia mawingu kuundika.

Linalonikosesha usingizi ni meli. Amonia haina kaboni, na wenye meli wameanza kuijaribu kama mafuta ya injini. Injini isipoiunguza yote, inayobaki hupitia bombani. Peke yake huenda isidhuru watu wengi. Ila ikikutana na tindikali zitokanazo na moshi wa magari, hushikana nazo kuwa chembe ndogo kuliko mikromita 2.5, zinazozama hadi ndani kabisa ya mapafu. Na Dar es Salaam, mchana, upepo hutoka baharini kuja mjini, moja kwa moja kwenye foleni ya magari.