Siku Kabla ya Hedhi

Msikilizaji, Kenya ilifuta kodi ya sodo mwaka 2004, na mwaka 2017 ikapitisha sheria ya kuwapa wanafunzi wa kike sodo bure. Hatua hizo ni za siku za damu. Siku zinazoitangulia hedhi bado hazina msemaji.

Mhudumu wa hoteli hapa Diani akikosa usingizi, akajawa na hofu na hasira wiki moja kabla ya hedhi, ataambiwa ana kisirani au ana pepo. Hali hiyo inapozidi ni ugonjwa, na Shirika la Afya Duniani limeuorodhesha katika mwongozo wa magonjwa ulioanza kutumika 2022. Kwa kawaida homoni zenyewe hazijazidi wala kupungua. Ubongo ndio unaoathirika mno zinapopanda na kushuka baada ya yai kupevuka.

Dawa ipo. Fluoxetine, inayotibu pia sonona, iliidhinishwa Marekani kwa tatizo hili mwaka 2000. Wengine huimeza siku 14 za mwisho wa mzunguko pekee, na nafuu yaweza kuja ndani ya siku chache. Lakini huleta kichefuchefu na hupunguza hamu ya tendo la ndoa, hivyo si ya kujinunulia tu dukani Ukunda.

Kwanza, andika dalili kila siku kwa mizunguko miwili, kisha mwone daktari. Nayo kaunti ya Kwale iwaagize wauguzi wa uzazi wa mpango, kuanzia Msambweni, wamuulize kila mama habari za moyo wake pia. Swali hilo halina gharama.