Mthamini Aitwe Kabla ya Bei: Nafasi ya Uthamini katika Kuuza na Kununua Nyumba

Mada ya semina kwa wanachama wa vikundi vya kuweka na kukopa, Dar es Salaam



1. Utangulizi

Kwa wengi wetu, nyumba ndiyo mali kubwa kuliko zote tutakazouza au kununua maishani. Hata hivyo, bei yake mara nyingi hutajwa na dalali, ambaye ujira wake hupanda bei inapopanda, au hukisiwa kutokana na habari za nyumba ya jirani. Mthamini huitwa mwishoni, benki inapodai ripoti au uhamisho wa hati unapoanza. Hoja yangu ni kwamba aitwe kabla ya makubaliano ya bei. Akichelewa, ripoti yake huwakuta watu wameshasaini na fedha zimeshatoka.

2. Mthamini anaangalia nini

Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 iliunda Bodi ya Usajili wa Wathamini, na kazi hii inapaswa kufanywa na mtu aliyesajiliwa. Hufika kwenye nyumba, akapima majengo, akakagua hati na mipaka, kisha akalinganisha na nyumba za aina hiyo zilizouzwa karibuni katika eneo hilo. Pale mauzo ya kulinganisha yanapokosekana, hukadiria gharama ya kujenga upya na kupunguza uchakavu. Nyumba ya kupangisha huitazama pia kwa kodi inayoingiza.

Hapa wauzaji wengi huumia moyo, kwa sababu gharama za ujenzi na thamani ya soko ni vitu viwili. Anayeweka marumaru za bei kubwa katika nyumba isiyo na njia ya gari hatazirudisha zote. Mahali pana nguvu kuliko marumaru. Nyumba iliyo kando ya Bonde la Msimbazi, ambako mafuriko hurudi mvua zikizidi, haiwezi kuthaminiwa sawa na nyumba kama hiyo iliyo mwinukoni. Kigamboni nayo, tangu daraja lilipofunguliwa mwaka 2016, haitegemei kivuko peke yake, na mnunuzi huhesabu hilo. Hati pia ina uzito wake: kiwanja kilichopimwa chenye hati miliki hakilingani na eneo linaloshikiliwa kwa karatasi ya mauziano ya mtaani tu.

3. Uthamini na mkopo

Tuchukue mfano. Mnunuzi amekubali bei ya shilingi milioni 120 na anategemea benki impe asilimia 80, yaani milioni 96. Yeye ameweka akiba milioni 24. Ripoti inarudi ikisema thamani ya soko ni milioni 100. Benki hukopesha kwa kufuata ripoti, kwa hiyo itatoa milioni 80. Mnunuzi sasa anatakiwa kuwa na milioni 40, na pengo la milioni 16 hana pa kulitoa. Kama ameshalipa malipo ya awali na mkataba hausemi yatarudishwaje, ugomvi umeanza. Muuzaji naye amepoteza miezi na wanunuzi wengine. Ripoti hiyohiyo, kama ingekuja kabla, ingewapa wote wawili nafasi ya kuzungumza kwa heshima.

4. Uthamini na kodi

Wapo wanaoandika bei ndogo kwenye mkataba ili kupunguza kodi. Kwanza, ni kosa. Pili, uthamini unaoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali unaweza kuonyesha thamani kubwa kuliko iliyoandikwa, na kodi ikadaiwa kwa thamani hiyo. Tatu, anayebeba mzigo baadaye ni mnunuzi. Tuseme amelipa milioni 100 lakini mkataba unasema 60. Siku akiuza kwa milioni 130, faida yake halisi ni milioni 30, lakini karatasi zitaonyesha 70. Kwa kodi ya asilimia 10 ya faida, inayomhusu mkazi, atadaiwa milioni 7 badala ya 3, tukiacha kando misamaha.

5. Uthamini na mnada

Ripoti ya benki huwa na thamani mbili: ya soko, na ya mauzo ya haraka ambayo ni ndogo zaidi. Mkopaji azijue zote, kwa maana akishindwa kulipa, nyumba inaweza kuuzwa mnadani. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka mkopeshaji anayeuza rehani atafute bei bora inayopatikana. Bei ikiwa chini kwa asilimia 25 au zaidi ya wastani wa soko wa mali zinazofanana, sheria huchukulia kuwa amekiuka wajibu huo mpaka athibitishe vinginevyo. Familia isiyo na uthamini wake yenyewe itapata taabu kuitumia kinga hiyo.

6. Mapendekezo

(a) Muuzaji atafute mthamini aliyesajiliwa kabla ya kumkabidhi dalali nyumba.

(b) Mnunuzi asitegemee ripoti ya muuzaji peke yake. Awe na mthamini wake, na aulize hali ya eneo wakati wa masika.

(c) Mkataba ueleze malipo ya awali yatarudishwaje endapo uthamini utakuwa chini ya bei.

(d) Bei halisi iandikwe, na stakabadhi za ujenzi na ukarabati zitunzwe.

(e) Vikundi vyetu vitenge mkopo mdogo wa kulipia uthamini, ili mwanachama asiingie sokoni bila kujua.

7. Hitimisho

Uthamini haumlazimishi mtu kuuza au kununua kwa bei fulani. Unampa ukweli wa kusimamia wakati wa mapatano, na anayeuhitaji zaidi ni yule asiye na wakili wala jamaa benki: mjane anayeuza nyumba ya familia, kijana anayenunua ya kwanza. Pendekezo la (e) liko ndani ya uwezo wetu, na naliomba lijadiliwe leo na kuamuliwa.