Tope la Upemba Lina Neno Lake

Mwaka 2012 Germain Bayon na wenzake walichapisha katika jarida la Science makala iliyotikisa historia ya Afrika ya Kati. Walichunguza nguzo ya mashapo iliyochomolewa chini ya bahari, mbele ya mdomo wa Mto Kongo, wakakuta kwamba miaka 3,000 hivi iliyopita uwiano wa aluminiamu na potasiamu ulipanda ghafla. Mvua huosha potasiamu upesi na kuiacha aluminiamu. Uwiano ukipanda, tope limetoka kwenye udongo uliolika sana. Kumbukumbu za mvua za nyakati hizo hazikutosha kueleza badiliko hilo. Basi, wakasema, aliyeuachia udongo ule ni mkulima wa Kibantu aliyekata msitu. Katharina Neumann na wenzake walipinga mwaka huohuo, wakiurudisha mzigo kwa tabianchi.

Limebaki swali linalotuhusu sisi wa jimbo la Haut-Lomami: tope lile ni la nani? Bonde la Kongo lina kilomita za mraba milioni 3.7 hivi. Ubangi huleta lake, Kasai huleta lake, na yote huchanganyika kabla ya kufika baharini. Lualaba yetu, ikishapita Bukama, huingia katika bonde tambarare la Upemba, mwendo unapoa, mto unatua mzigo. Pale Ziwa Kisale linapokutana na Mto Lufira, katikati ya mafunjo, hujengwa delta ya nchi kavu ambayo bahari haijapata kuiona. Kulihukumu shamba la Upemba kwa kijiko cha tope kutoka Atlantiki ni kumuuliza mtu wa mbali habari za nyumba asiyoijua. Tena tarehe zenyewe zinakataa. Wakulima wafua chuma wa kwanza tunaowajua Upemba, wale wa Kamilamba, ni wa karne ya 7 hivi. Kati yao na badiliko lile la baharini pamepita zaidi ya miaka 1,500.

Tunawajua kwa sababu ya makaburi, na hapa lazima nikae kidogo. Sanga ilichimbwa na Jacques Nenquin mwaka 1957, Katoto ikafuata mwaka 1959, kisha Pierre de Maret akaendeleza uchimbaji bondeni mwaka 1974 na 1975. Alipanga vyungu, majembe, shoka na mapambo ya shaba kaburi kwa kaburi, hata ukapatikana mfuatano wa tamaduni: Kamilamba, Kisale ya kale, Kisale iliyostawi kati ya karne ya 10 na ya 13, halafu Kabamba. Hakuna bonde jirani lenye kalenda kama hiyo. Ndani ya vyungu hivyo mlikuwa na samaki. Watu hawa waliishi kwa maji, wakazika kando ya maji, na kila mto ulipohama mkondo iliwabidi wachague ukingo mwingine. Ndiyo maana nashikilia kwamba historia ya Kisale haitaeleweka mpaka tujue delta ilikuwa wapi katika kila karne.

Njia ya kulijua hilo ipo, kuchomoa nguzo za mashapo katika delta yenyewe na kusoma tabaka zake: mchanga ni mkondo wenye nguvu, mfinyanzi ni maji yaliyotulia, mboji ni kinamasi, chavua hutaja mimea, makaa hutaja moto. Wapo watakaosema mafunjo yanaelea, viboko wanavuruga matope, na mto hula ulichokwisha kutandaza. Ni kweli, na nguzo moja itadanganya. Nguzo kumi katika mstari, kutoka ukingo wa zamani hadi ziwani, si rahisi zote zikose tabaka lilelile. Wapo pia watakaoutilia shaka upimaji wa umri kwa kaboni 14, kwa kuwa mto hubeba magogo ya kale. Hao wajibiwe kwa kupima mbegu na majani, yanayooza upesi yasipozikwa, wala si tope zima.

Kama makaa yatazidi ghafla chini kabisa, katika tabaka la miaka 3,000, dai la Bayon litakuwa limefika hadi kwetu nami nitalikubali. Natarajia kuyakuta juu zaidi, sambamba na vyungu vya Kamilamba, pale mfinyanzi wa ziwa unapoanza kupokea mchanga.